Kosa la Herufi na Kosa la Mtu

Mtoto wa shule akiandika kwamba tatu na nne ni nane, amekosa, na kosa lake halina mjadala. Lilikuwa kosa jana, litakuwa kosa kesho, nalo ni kosa vilevile Unguja na Ulaya. Mtoto akisema uongo, naye amekosa, ingawa kwa namna nyingine, maana hapa si hesabu iliyopotoka bali nia. Sasa yupo mtoto wa tatu. Huyu katika somo la Kiingereza alitaka kuandika neno lenye maana ya deni. Akalisikiliza neno jinsi mwalimu alivyolitamka, akaandika herufi tatu, “det”. Mwalimu akapitisha wino mwekundu, kwa kuwa Waingereza huandika “debt”, wakitia b ambayo hakuna Mwingereza aitamkaye. Je, mtoto huyu wa tatu amekosa nini? Hakudanganya. Masikio yake hayana ila. Wala hakukosa kufikiri, kwa kuwa alisikia sauti tatu akazitafutia herufi tatu, na hiyo ndiyo kazi ambayo herufi zilitungwa kuifanya. Hata hivyo, mara nyingi huyu ndiye achekwaye kuliko wale wawili.

Swali nipendalo kulitazama pamoja na wasomaji, na hasa walimu wenzangu, ni hili: je, ni haki kumpima mtu, akili yake au malezi yake, kwa jinsi anavyoyaendeleza na kuyatamka maneno ya Kiingereza? Wengi wetu hatujapata kuliuliza kwa maneno, maana tumekwisha lijibu kwa matendo. Barua ya kuomba kazi ikija nayo imeandikwa “recieve” mahali pa “receive”, huwekwa kando kabla haijasomwa hata mwisho. Mtu akisimama mkutanoni akasema “sip” badala ya “ship”, watu wa viti vya nyuma hukonyezana. Wala jambo hili si la mchezo kwetu, kwa sababu Kiingereza ndicho lugha ya masomo ya sekondari katika Kenya, Uganda na Tanzania, nacho hufungua milango ya kazi na kuifunga.

Sisi tuliolelewa na Kiswahili twaona ajabu mara ya kwanza tunapofungua kitabu cha Kiingereza. Kwetu a ni a katika baba, na katika bahari, na katika Bagamoyo. Kwa Waingereza herufi hiyo moja ina sauti tano katika maneno matano ambayo kila mtoto huyajua: “cat”, “cake”, “father”, “water”, “many”. Sababu mojawapo ni kwamba lugha yao ina sauti zaidi ya arobaini, na herufi walizo nazo ni 26 tu, basi herufi hazina budi kufanya kazi za wenzake. Lakini uhaba wa herufi hauelezi mambo yote. Hauelezi kwa nini herufi nne, o, u, g na h, zikifuatana, zasomwa namna moja katika “though”, namna nyingine katika “through”, nyingine katika “cough”, nyingine katika “rough”, na nyingine tena katika “bough”. Mtoto huuliza, “Mwalimu, kwa nini?” Nasi hujibu, “Ndivyo Kiingereza kilivyo.” Jibu hilo si la uongo, lakini lina madhara yake, kwa kuwa mtoto hudhani ya kuwa imo hekima ndani yake, na kwamba yeye ni mdogo mno hata asiweze kuifahamu. Yafaa ajue mambo yalivyotukia.

Zamani sana Waingereza waliandika karibu sawa na walivyosema. Neno lao “knight”, ambalo siku hizi ni jina la cheo, nalo hutamkwa “nait”, hapo kale liliandikwa “cniht”. Sauti ya k ilisikika, na ile h ya katikati ilikwaruza kooni kama kh ya wazee wa pwani wasemapo “kheri”. Mwaka 1066 Wanormani waliivamia nchi wakaitawala, na makarani waliofunzwa kwa desturi ya Kifaransa wakayaandika maneno ya Kiingereza kwa namna waliyoizoea wao. Malkia, aliyeandikwa “cwen”, akawa “queen”. Nyumba, iliyoandikwa “hus”, ikawa “house”. Hata mwaka 1476 William Caxton akaweka mtambo wa kupiga chapa huko Westminster. Mtu huyu alikuwa amekaa miaka mingi Bruges, katika nchi ya Wafleming, na desturi za huko zikaingia katika kazi yake. H iliyomo katika “ghost” yatokana na hao, wala haijapata kutamkwa na Mwingereza yeyote. Caxton mwenyewe aliona taabu ya kuchagua. Katika dibaji ya kitabu kimoja alichokipiga chapa mwaka 1490 alisimulia habari za wafanyabiashara waliotua pwani karibu na mto Thames, mmoja wao akamwomba mama wa nyumba mayai. Mama akajibu ya kuwa yeye hajui Kifaransa, naye yule mtu alikuwa anasema Kiingereza, ila Kiingereza cha upande mwingine wa nchi, ambako yai liliitwa kwa neno jingine. Basi mpiga chapa aandike neno la nani?

Tena ulifuata msiba mkubwa kuliko hayo. Wakati uleule maandishi yalipoanza kutulia, sauti zilianza kuhama. Tangu karibu mwaka 1400 hata karibu mwaka 1700 irabu ndefu za Kiingereza zilibadilika moja baada ya moja. Neno “name”, yaani jina, lilikuwa na silabi mbili, nalo lilitamkwa karibu kama “naame”. Leo ni “neim”, na ile e ya mwisho imenyamaza. Maandishi hayakufuata. Ikawa kama kijana aliyepimiwa kanzu akiwa na miaka kumi, kisha akaendelea kukua, na fundi akakataa kukata kitambaa kipya.

Hata hapo twaweza kusema kwamba hapana mwenye hatia, maana mto hubadili njia bila kumwuliza mtu. Lakini ziko herufi zilizotiwa kwa makusudi. Neno la deni lilitoka kwa Wafaransa, nalo liliandikwa “dette” au “dett”, bila b. Kisha wakatokea wataalamu waliokipenda mno Kilatini. Wakakumbuka kwamba Warumi waliliita deni “debitum”, wakaona ni heshima kuipachika b katika neno la Kiingereza ili asili yake ionekane. Wakafanya vivyo hivyo katika “doubt”. Sauti haikubadilika, ni macho tu yaliyoongezewa kazi. Na katika neno la kisiwa walifanya jambo la kustaajabisha zaidi. Neno hilo ni la Waingereza wenyewe tangu kale, nao waliliandika “iland”. Wataalamu wakalidhania kuwa ni ndugu wa neno la Kifaransa “isle”, litokalo katika Kilatini “insula”, wakalitia s. Wala si ndugu. Maneno mawili hayo hayana ukoo, kama vile bata na batamzinga wasivyokuwa baba na mtoto. Walikosea, na kosa lao likapigwa chapa, likaenea, likawa sheria.

Naomba tusimame hapa kidogo. Mtoto aandikaye “iland” leo aandika kama walivyoandika mababu wa Waingereza, naye hupata kosa. Mtoto aandikaye “island” arudia kosa la wataalamu waliokufa zamani, naye hupewa alama. Mimi sisemi kwamba mwalimu afanya vibaya kumfundisha huyu wa kwanza kuitia ile s, nitafika huko. Nasema tu kwamba mwalimu huyo hawezi kumwita mjinga, kwa kuwa katika neno hilo ujinga, kama upo, ulikuwa wa upande mwingine.

Tena aibu hii ya kukosea herufi si ya kale hata kwa Waingereza. Shakespeare, mshairi wao mkuu, aliyefariki mwaka 1616, ameacha sahihi sita za mkono wake katika hati zilizobaki, nazo hazikuandika jina lake kwa namna moja. Hakuna aliyemdhania kuwa hana elimu kwa sababu hiyo. Ni baada ya kamusi, na hasa ile ya Samuel Johnson iliyotoka mwaka 1755 ikiwa na maneno zaidi ya 42,000, ndipo maendelezo yalipokuwa kipimo cha mtu. Aliyeendeleza vizuri alionekana amesoma, na aliyesoma alionekana ametoka katika nyumba yenye uwezo. Basi wino mwekundu ulianza kupima mfuko wa baba huku ukidai kwamba wapima akili ya mwana.

Mambo ya matamshi ni hivyo hivyo. Huko Uingereza watu wengi wa kazi za mikono, hasa wa London, huiacha h mwanzoni mwa maneno. Nyumba, “house”, kwao ni kama “aus”. Kwa muda wa miaka zaidi ya mia mbili wamedharauliwa kwa ajili ya h hiyo. Lakini katika neno la saa, “hour”, na neno la mtu mwaminifu, “honest”, anayeitamka h ndiye achekwaye, na anayeiacha ndiye muungwana! Basi h yenyewe haina heshima wala aibu. Heshima na aibu ni za watu wenye desturi ya kuitamka au kuiacha. Majina ya miji nayo ni mtego wa mgeni. Worcester hutamkwa kama “Wusta”, na Leicester kama “Lesta”. Mgeni asomaye kila herufi kwa uaminifu hujulikana mara moja kuwa ni mgeni, na kadiri alivyo mwaminifu kwa herufi ndivyo anavyozidi kujulikana.

Wasomaji wanalijua jambo la Shibolethi, lililoandikwa katika Kitabu cha Waamuzi, mlango wa kumi na mbili. Watu wa Gileadi walivishika vivuko vya Yordani, na kila mtu wa Efraimu aliyetaka kuvuka aliambiwa atamke neno moja. Aliyesema Sibolethi, kwa kuwa ulimi wake haukuzoea ile sauti ya kwanza, aliuawa hapo mtoni. Hesabu yao ilikuwa 42,000. Kinachonishtua katika habari hiyo ni upesi wa hukumu kuliko hata ukali wake. Hakuna aliyeulizwa ametenda nini vitani, wala anafikiri nini, ulimi ulitosha. Kumcheka mwenzio asemaye “sip” si kumwua, na mtu asinidhanie kwamba nalinganisha mambo hayo mawili. Lakini njia ya kuamua ni ileile. Twauliza neno moja, twasikia sauti moja, nasi twadhani tumemfahamu mtu.

Mwaka 2003 wataalamu walitoa habari za utafiti juu ya watoto wa lugha nyingi za Ulaya wanaoanza kusoma. Mwisho wa mwaka wa kwanza, watoto wa lugha kama Kifini na Kigiriki, ambazo maandishi yake hufuata sauti, waliweza kusoma karibu maneno yote ya kawaida waliyoonyeshwa. Watoto waliosoma Kiingereza, nao walikuwa wa Scotland, waliweza kusoma karibu theluthi moja tu. Je, watoto wa Scotland ni wazito kuliko wa Finland? Hakuna mtu wa akili asemaye hivyo; mzigo waliotwikwa ndio ulio mzito. Na miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 2001, ulitangazwa utafiti mwingine, nao wagusa moyo zaidi. Uliwahusu watu ambao tangu utoto kusoma kwawawia vigumu kwa sababu ya maumbile ya ubongo, wengine Waitalia, wengine Wafaransa, wengine Waingereza. Bongo zao zilipochunguzwa zilionekana kuwa na upungufu wa namna moja. Lakini walipopewa maneno ya kusoma, Waitalia walisoma vizuri kuliko wenzao, kwa kuwa Kiitalia huandikwa kama kinavyosemwa. Ubongo wa namna moja, udhaifu wa namna moja. Huyu kwao asoma kwa taabu kidogo na pengine hakuna amjuaye, na yule wa Uingereza ameitwa mvivu tangu darasa la kwanza. Mwalimu akisoma habari hiyo, na amkumbuke yule mtoto wa nyuma darasani ambaye daftari lake la Kiingereza limejaa wekundu.

Mtu ataniambia, “Kama ni hivyo, acheni kila mtu aandike apendavyo, au yafuteni maendelezo haya mfanye mapya.” Watu wamekwisha jaribu. Noah Webster wa Marekani, katika kamusi zake za mwaka 1806 na 1828, alifaulu kuondoa herufi chache, ndiyo maana Wamarekani huandika “color” na Waingereza “colour”. Lakini alipotaka neno la ulimi, “tongue”, liandikwe “tung”, watu wake walikataa. Mwaka 1906 Rais Theodore Roosevelt aliamuru mpiga chapa wa serikali atumie maendelezo mepesi ya maneno 300. Magazeti yalimdhihaki, Bunge lilimpinga, na mwaka huohuo amri ikaachwa. Mwaka 1949 mswada wa kurekebisha maendelezo uliletwa katika Bunge la Uingereza, ukashindwa kwa kura 87 dhidi ya 84. George Bernard Shaw, mwandishi wa michezo, alipofariki mwaka 1950 aliacha wasia wenye fedha za kutunga alfabeti mpya kabisa. Ikatungwa, na mchezo wake mmoja ukapigwa chapa kwa herufi hizo mwaka 1962, kisha mambo yakaishia hapo.

Kushindwa kwao si ukaidi tu. Ukisema, “Tuandike kama tusemavyo,” mara huulizwa, “Tusemavyo sisi akina nani?” Mtu wa Scotland huitamka r ya mwisho ambayo mtu wa London huimeza. Mtu wa kaskazini mwa Uingereza husema “bath” kwa irabu fupi, na wa kusini kwa ndefu. Na mtu wa Lagos, na wa Mumbai, na wa Nairobi, kila mmoja ana sauti zake. Kama kila mmoja angeandika kwa sikio lake, baada ya miaka mia wasingeweza kusomeana barua. Maandishi ya Kiingereza ni mabaya kama picha ya sauti, lakini kwa kuwa si picha ya sauti ya mtu yeyote, watu wote huyatumia bila mmoja kumpigia mwenzake magoti. Sikio huwatenga, jicho huwakutanisha.

Wala sisi tusijivune mno kwa usafi wa Kiswahili chetu. Usafi huo ulitengenezwa. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa nchi nne za Afrika ya Mashariki ilikishika Kiunguja kuwa msingi wa vitabu na shule. Kwa mtoto wa Unguja lilikuwa jambo jepesi. Lakini mtoto wa Mombasa, ambaye kwao macho ni “mato” na njia ni “ndia”, aliyaandika maneno ya mama yake kama alivyoyasikia, nayo ni maneno ya washairi wakubwa wa pwani, akaambiwa amekosea. Hakuna maandishi yaliyosanifiwa ambayo hayakumdhulumu mtu fulani kidogo. Twayakubali kwa sababu twataka kusomeana toka Lamu hata Kigoma.

Kwa hiyo maoni yangu ndiyo haya. Maendelezo ni adabu, kama vile kuvua viatu mlangoni pa msikiti au kupokea kwa mikono miwili mbele ya mkubwa. Aandikaye kwa desturi humpunguzia msomaji taabu, nayo ni heshima ampayo mtu asiyemwona. Kwa sababu hiyo lazima tuifundishe, na mwanafunzi lazima ajitahidi. Mwalimu aiachaye kwa huruma humfanya mtoto kuwa mgeni katika kila ofisi atakayoingia. Lakini mgeni asiyeijua adabu ya nyumba huelekezwa. Hatukanwi, wala haambiwi kwamba hana akili.

Tena makosa yote hayana uzito mmoja, nasi twayapima kama kwamba ni mamoja. Lililo zito ni lile limpotezalo msomaji. Mtoto wetu akiandika “karamu” mahali pa “kalamu”, ameniambia kwamba ana sherehe mfukoni, na hapo yafaa nimrudishe. Mwuguzi akikosa herufi moja katika jina la dawa, ni hatari ya roho ya mtu. Bali atiaye i mbele ya e katika “receive” hajampoteza mtu yeyote chini ya jua. Vivyo hivyo kile kialama kidogo cha juu, kama kile tukiandikacho katika ng'ombe, ambacho Waingereza hukitia katika “it's” na kukiondoa katika “its”. Nimeona watu wazima wakigombana kwa ajili yake, na hali katika mazungumzo maneno hayo mawili hayana tofauti hata kidogo, wala hakuna asiyeelewa.

Lakini vituo vingine vina nguvu ya kutisha, navyo ndivyo tuvifundishavyo kwa haraka mwisho wa kipindi. Katika jimbo la Maine, Marekani, sheria iliwanyima malipo ya saa za ziada watu wa kazi fulani za vyakula, nayo ilizitaja kazi hizo kwa mfululizo. Mwisho wa mfululizo yalikuwapo maneno ya kufungasha kwa ajili ya kusafirisha au kusambaza, bila mkato katikati. Madereva wa kampuni moja ya maziwa wakasema, “Sisi twasambaza, wala hatufungashi, na kwa kuwa hapana mkato, kusambaza kunakotajwa ni sehemu ya kufungasha, basi sheria haitutaji sisi.” Mwaka 2017 mahakama ya rufani iliona kwamba maneno yale yana shaka, ikawapa madereva haki, na mwaka 2018 kampuni ikakubali kulipa dola milioni tano. Mkato mmoja! Na Roger Casement, yule aliyeandika taarifa ya mwaka 1904 juu ya mateso ya watu wa Kongo katika kazi ya mpira, alishitakiwa mwaka 1916 kwa uhaini, kwa mambo aliyoyatenda Ujerumani, chini ya sheria ya mwaka 1351 iliyoandikwa kwa Kifaransa cha Wanormani. Mawakili walishindana kama maneno “au penginepo” yaliambatana na yaliyotangulia yote au na sehemu tu, na waamuzi wakaitazama hati ya kale kutafuta alama za vituo. Uamuzi ulikuwa juu yake, naye akanyongwa tarehe 3 Agosti 1916.

Basi mwenye kuajiri atauliza, “Nami nifanyeje na ile barua yenye kosa?” Namjibu kwamba yategemea kazi. Kama atafuta karani wa kuandika barua, maendelezo ni ufundi wa kazi hiyo kama msumeno ulivyo wa seremala, na ana haki ya kumtaka aliye hodari. Kama atafuta seremala, na aitazame meza aliyoitengeneza. Kumkataa seremala kwa ajili ya b ya “debt” ni kumdai deni asilolikopa.

Na mwalimu je? Katika imla mimi huhesabu kila herufi, kwa kuwa herufi ndizo nilizoziuliza, na mtoto ajua hivyo tangu mwanzo. Katika insha husoma mara ya kwanza kalamu ikiwa mezani, nipate kujua mtoto anataka kuniambia nini. Kisha husoma mara ya pili kwa kalamu, nikaweka alama mbili mbalimbali chini ya ukurasa, moja ya mambo aliyoyasema na moja ya jinsi alivyoyaandika. Neno kama “island” likiwamo, nikipata nafasi, huwaeleza darasa zima habari ya ile s, jinsi ilivyoingia na nani aliyeileta. Huchukua dakika tano. Nimeona kwamba waliosimuliwa habari hiyo huikumbuka s kuliko wale walioandikishwa neno hilo mara hamsini.